Utunzi wa Chemshabongo za Mantiki kwa Ajili ya Mashindano

Chemshabongo ya mantiki inayopelekwa mashindanoni ina sharti moja lisilo na msamaha: iwe na jibu moja tu, nalo lifikiwe kwa hoja, si kwa kubahatisha. Yakipatikana majibu mawili, mshindani aliyeandika lile ambalo mtunzi hakulikusudia hana kosa lolote, na waamuzi hawana la kumwambia.

Mashindano ya dunia ya chemshabongo yalianza New York mwaka 1992 kwa juhudi za mhariri Mmarekani Will Shortz. Ya sudoku pekee yakafuata mwaka 2006 mjini Lucca, Italia. Washindani hutoka nchi zenye lugha nyingi, kwa hiyo mafumbo ya maneno huepukwa. Hutumika namba, mistari, vivuli na maumbo, ili Mjapani na Mjerumani waanze sawa.

Kazi ya mtunzi huonekana vizuri katika Slitherlink, aina iliyotolewa na jarida la Kijapani la Nikoli mwaka 1989. Mshindani hupewa nukta zilizopangwa kwa safu, na baadhi ya visanduku vilivyo kati ya nukta hizo vina namba kuanzia 0 hadi 3. Hutakiwa kuunganisha nukta kwa mstari mmoja unaojifunga, usiojikata wala kuwa na matawi, na kila namba hueleza ni pande ngapi za kisanduku chake zinazopitiwa na mstari. Namba 3 ikikaa pembeni kabisa, kwenye kona ya jedwali, pande zake mbili za nje lazima zichorwe. Nukta ya kona ina njia mbili tu: mstari ukiingia kwa moja utatoka kwa nyingine, la sivyo hauingii kabisa. Usipoingia, kisanduku hubaki na pande mbili, nazo hazitoshi. Namba 1 ikikaa mahali hapohapo, hoja ileile huzifuta pande zote mbili za nje.

Washindani wazoefu huyajua haya kwa moyo na huyachora bila kusita. Mtunzi hodari huwapa machache ya namna hiyo kama mlango wa kuingilia, kisha huwapeleka mahali ambapo mazoea hayatoshi: penye njia mbili zinazoonekana kuwa sawa, ila mojawapo, ikifuatwa mbele kidogo, huufunga mstari kabla ya namba zote kutimizwa. Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa sababu hiyo watunzi wengi hawaanzi na jibu lililokamilika. Huweka vidokezo vichache, hufumbua hadi wanapokwama, huongeza kidokezo kimoja, kisha huendelea. Ufumbuzi na utunzi hutembea pamoja.

Wingi wa vidokezo haupimi ugumu. Mwaka 2012 timu ya Gary McGuire huko Dublin ilithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku ya kawaida yenye vidokezo 16 inayoweza kuwa na jibu moja. Kiwango cha chini ni 17. Hata hivyo, si chache kati ya zile za vidokezo 17 zinazofumbuliwa kwa hoja za kawaida tu, huku nyingine zenye vidokezo zaidi ya 25 zikitoa jasho.

Kompyuta huhakikisha kwa haraka kwamba jibu ni moja, na kuikwepa katika ukaguzi huo ni uzembe. Lakini kompyuta haisemi kama njia ya kufikia jibu inampendeza binadamu au inamlazimisha kujaribu na kufuta kwa dakika kumi. Hilo huamuliwa na wajaribu: watu wenye uwezo unaokaribia ule wa washindani, ambao hawakuona utunzi ukifanyika. Muda wao ndio msingi wa alama. Chemshabongo inayowachukua muda mrefu hupewa alama nyingi, ili anayechagua ngumu moja asipunjwe na aliyemaliza nyepesi tatu. Mtunzi hafai kujipimia mwenyewe, kwa kuwa tayari anajua mlango ulipo.

Kanuni za kila aina, pamoja na mfano mdogo na jibu lake, huandikwa katika kijitabu kinachotolewa kabla ya siku ya mashindano. Kila neno la kijitabu hicho hupimwa. Kanuni inaposema maumbo yasigusane, lazima ieleze kama kugusana kwa kona kunahesabiwa, na mfano uonyeshe hali hiyo waziwazi.

Mashindano ya mtandaoni yana tatizo la ziada, kwani mara nyingi mshindani hatumi mchoro wote. Huombwa aandike yaliyomo katika safu moja au mbili zilizowekewa alama. Safu hizo huchaguliwa baada ya majaribio, zikiwa zile zinazokamilika mwishoni mwa ufumbuzi. Zikichaguliwa zinazojaa mapema, mtu anaweza kujizolea alama zote huku nusu ya jedwali lake ikiwa tupu.