Sauti Kabla ya Sura: Mikutano ya Kazi ya Mtandaoni Ikitazamwa Kutoka Nyansiongo

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira



Nitaanza na mparachichi.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 nilikuwa nimerudi hapa nyumbani, kama wengi wetu tuliofungiwa milango ya kazi. Katika boma la pili kutoka letu aliishi msichana aliyeolewa mwaka uliotangulia, afisa wa nyanjani katika ofisi ambayo sitaitaja. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi alibeba stuli, simu na mwavuli, akaenda kuketi chini ya mparachichi ulio ukingoni mwa shamba la chai. Mtandao ulipatikana mahali pawili tu katika boma lile: hapo chini ya mti, na kwenye dirisha la sebule. Sebuleni aliketi baba mkwe wake. Wenyeji wa huku kwetu Borabu hawahitaji maelezo zaidi ya hayo. Kwa wageni wetu nitasema kwamba Abagusii tuna chinsoni, utaratibu wa staha unaotenganisha kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: ya kusemwa na yasiyosemwa, pa kuketi na pasipo pa kuketi. Mke wa mwana na baba mkwe wake ndio wanaoubeba kwa uzito kuliko wote. Kwa hiyo yeye alichagua mti.

Jumatatu moja mkubwa wake alimwambia, wenzake wote wakisikia, "Washa kamera tujue kama kweli uko kazini." Akaiwasha. Wakaona migomba, ukingo wa mwavuli, na uso wa mtu aliyeinamisha macho. Mmoja akacheka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nachuma mboga za chinsaga, na kicheko kile nilikisikia kikitoka kwenye simu. Kikao kilipokwisha alikuja mpaka kwenye ua, stuli ikiwa bado mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, nilikosa wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta kwa miaka, na nimekuja kulitolea hapa alipouliza.

Jinsi tulivyofika hapo mnaikumbuka. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na katika muda wa siku chache shule zilifungwa, ofisi zikatawanyika, mahakama zikaanza kusikiliza kesi kwa video. Mwezi wa Aprili Mahakama Kuu iliruhusu kampuni zilizo katika soko la hisa kufanya mikutano mikuu ya wanahisa mtandaoni, na mwaka 2021 sheria ya kampuni ikarekebishwa ili jambo hilo liwe na msingi wa kudumu. Ulimwenguni kote hali ilikuwa hiyo hiyo. Zoom, iliyoanzishwa na Eric Yuan mwaka 2011, ilihesabu washiriki milioni 10 kwa siku mwezi Desemba 2019. Kufikia Aprili 2020 walikuwa milioni 300, ingawa aliyeingia vikao vitatu kwa siku alihesabiwa mara tatu. Hakuna baraza lililowahi kuita watu wengi hivyo kwa haraka hivyo. Na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza: je, baraza hili lina adabu za nani?

Huku kwetu kulikuwa na tukio ambalo vijana wengi wamelisahau. Mwezi Julai 2020 mradi wa Loon, uliokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ukishirikiana na Telkom Kenya, ulianza kutoa mtandao kwa maputo. Yalikuwa kama 35, yakielea kilomita 20 angani, juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 lililojumuisha Kisii, Kericho na Bomet. Nilitazama juu mara nyingi siku zile, nikijua siwezi kuyaona kwa macho. Katika majaribio ya mwezi Juni walipima kasi ya megabiti 18.9 kwa sekunde ya kushusha, na megabiti 4.74 ya kupandisha. Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa kwa kuwa haungeweza kujilipia, na Machi huduma ikazimwa hapa nchini.

Naomba mshike namba mbili zile, kwa sababu zinaeleza nusu ya mateso ya mikutano yetu. Kushusha kulikuwa mara nne ya kupandisha. Mitandao mingi ya simu iko hivyo hata leo, maana imejengewa mtu anayepokea: anayetazama filamu, anayesoma habari. Mkutano ni kitu kingine. Mkutanoni unapeleka. Sura yako na sauti yako hupita kwenye ule upande mwembamba, na ndiyo maana unaweza kumwona mkurugenzi wa Nairobi akiwa safi kama kioo huku yeye akikuona umeganda, mdomo wazi, kama picha ya kitambulisho. Anaamini tatizo liko kwako, maana kwake kila kitu kinakwenda sawa.

Sasa tupige hesabu pamoja, ile ya mtu anayenunua bando. Sauti ya mkutano hutosheka na kilobiti 80 hivi kwa sekunde. Kwa saa nzima hiyo ni megabaiti 36 kwenda, na 36 kurudi. Picha ya ubora mzuri hutaka kama kilobiti 600, yaani megabaiti 270 kwenda na 270 kurudi. Mwenye vikao vinne vya saa moja kwa wiki, akitumia sauti peke yake, hafikishi megabaiti 300. Akiwasha picha anapita gigabaiti mbili. Zamani ofisi ilipokuita mkutanoni Kisii au Nairobi ilikulipia nauli na chakula cha mchana. Nauli ile haikufutwa. Imegeuka bando, na bando analipa mfanyakazi kutoka mfukoni mwake. Jambo hili linaniuma, na nalisema mbele ya wakuu wa idara bila kuzunguka: anayedai sura na ailipie.

Lakini pesa si jeraha kubwa. Jeraha kubwa ni kuchelewa kwa sauti, kwa sababu linaumiza heshima ya mtu bila yeye kujua limetoka wapi.

Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti wa lugha 10 za mabara mbalimbali. Waligundua kwamba muda kati ya swali na jibu ni wastani wa kama milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Ni muda wa kupepesa jicho. Sisi binadamu tunapokezana maneno kama wachezaji wanaopokezana mpira bila kuutazama. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu linashauri sauti ifike ndani ya milisekunde 150 ili mazungumzo yasiharibike. Mtandao ukisumbua, sauti huchelewa kuliko hivyo, na hapo ndipo linapotokea jambo ambalo watafiti wa Ujerumani walilipima mwaka 2014, wakiongozwa na Katrin Schoenenberg. Waliwaunganisha watu kwa simu, wakaichelewesha sauti makusudi. Wasikilizaji hawakusema, "Laini ni mbaya." Waliona kwamba mwenzao si makini, si mkunjufu. Kosa la waya lilihamia kwenye tabia ya mtu.

Fikirini sasa afisa wa Esise, muuguzi wa zahanati ya Mekenene, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai hapa Nyansiongo. Anaulizwa swali na Nairobi. Swali linachelewa kumfikia. Anajibu papo hapo, jibu nalo linachelewa kurudi. Kule wanaona kimya. Wanamwona mzito, hajajiandaa, hajui kazi yake. Mwisho wa mwaka wanapojaza fomu za kupandisha vyeo, ukimya ule wa mnara unaandikwa kwa jina lake. Mkubwa wake hana nia mbaya hata kidogo. Masikio yake tu ndiyo yaliyomdanganya.

Na kuna mvua. Nani hapa hajawahi kukatizwa na mvua ya saa tisa? Inaanza na upepo kwenye migomba, halafu inapiga mabati, na ikija na mawe huwezi kumsikia mtu aliye upande wa pili wa meza. Programu za mikutano zina sehemu ya kuchuja kelele, na huichuja kweli. Lakini mvua ikiwa kubwa kuliko sauti yako, maneno nayo hukatwa vipande. Usijaribu kuishinda kwa kupaza sauti. Andika hoja yako kwenye sehemu ya ujumbe, katibu aisome.

Kuna kelele nyingine, ndogo na nzuri, ambayo programu hizi zimetunyang'anya. Mzee akisema kitu cha maana barazani, watu huitikia. "Ee." "Mm." "Ndivyo." Mtu hamkatizi mzee kwa kuitikia hivyo; anamshikilia asianguke. Programu haijui. Inasikia "ee" yako, inadhani unataka nafasi, inakuweka wewe kwenye skrini kubwa na kumwondoa mzee. Basi tukaambiwa tuzime vipaza sauti. Tukazima. Na mzee anasema peke yake, kama mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba isiyo na watu. Nimeona watu wazima, wasemaji hodari, wakipoteza hoja katikati ya sentensi kwa kukosa "ee" moja tu. Mkiwa watano au sita, acheni vipaza sauti wazi. Mtagongana kidogo, lakini mtasikizana.

Nakuja kwenye macho, maana hapo ndipo lilipo swali la msichana wa mparachichi.

Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti Gusii katika miaka ya 1950, aliandika pamoja na wenzake kwamba watu wa huku wanaweza kuzungumza kwa muda mrefu wakiwa wameketi ubavu kwa ubavu, au mmoja ameelekea huku na mwingine kule, macho yakiwa chini au vichakani. Mgeni aliona ni jambo la kuandikwa. Sisi tulikuwa tukiishi tu. Kumkazia macho mkubwa wako ni kumpinga. Kuinamisha macho ni kumwambia nakusikia. Mwana akizungumza na baba yake jambo zito, huketi pembeni, wote wawili wakitazama ng'ombe au barabara, na jambo likapita kati yao bila kuvunja kitu.

Mkutano wa video unafanya nini? Unapanga nyuso zote mbele, karibu, zikikutazama, kwa saa nzima. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza sababu nne za uchovu wa mikutano hii: kukaziwa macho kwa karibu mno, kujitazama mwenyewe muda wote, kufungwa mahali pamoja, na kazi ya ziada ya kusoma na kutuma ishara. Tazameni ya kwanza. Wamarekani, waliolelewa kutazamana machoni, wanachoka kukaziwa macho. Sembuse mtu aliyelelewa kwa chinsoni! Utafiti mwingine wa Stanford mwaka huo huo, uliohusisha zaidi ya watu 10,000, ulipata asilimia 13.8 ya wanawake wakisema wanachoka sana au kupita kiasi, dhidi ya asilimia 5.5 ya wanaume. Na Kristen Shockley na wenzake, katika jaribio la majuma manne na wafanyakazi 103, waliona kwamba kamera yenyewe ndiyo inayochosha, na inawaumiza zaidi wanawake na wafanyakazi wapya. Waliochoka ndio walioshiriki kidogo. Kwa hiyo mkubwa anayeamrisha kamera ili watu wawe makini anapata kinyume cha anachokitafuta.

Msinielewe kwamba nawataka mrudi kwenye basi la usiku la Nairobi. Mama anayenyonyesha amehudhuria vikao ambavyo zamani vingempita. Mwenye ulemavu amekaa meza moja na wenzake bila kubebwa ngazini. Ninavithamini vikao hivi, na ndiyo maana nataka viwe na adabu. Mwenyekiti aanze kwa kuita kata moja moja, kila mtu aitikie kwa sauti, akidi ihesabiwe kwa masikio. Baada ya swali asubiri, ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kumpita mtu. Atakayerekodi aseme kwanza na kueleza kwa nini. Sura na sauti ya mtu ni data yake chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kamera iwe ya anayetaka, na ya shughuli inayodai kuona: jani lenye ugonjwa, fomu iliyokosewa, kidonda cha mgonjwa aliyeridhia.

Msichana yule yuko hapa ukumbini, safu ya tatu, na ameniruhusu niseme haya bila jina lake. Siku hizi ndiye anayeongoza vikao vya kundi lake. Juma lililopita nilimwomba nisikilize. Hakuna sura hata moja iliyotokea kwa dakika 50. Aliita majina, akasubiri. Katikati, sauti ya mmoja ilianza kukatika, na badala ya kuuliza "Bado uko nasi?" aliuliza, "Kwenu imeanza kunyesha?" Kikapita kimya kirefu. Kisha kutoka upande wa Kiabonyoru likaja jibu, mabati yakilia nyuma yake: "Imeanza. Lakini nawasikia."

Dada, hukukosa popote.