Kabla ya Mpira, Sufuria

Msikilizaji, tukitaka watoto wa Ganze watambe uwanjani na jukwaani, tuanzie jikoni mwa shule. Bamba, humo Ganze, ni nchi kavu: mvua ikikosekana, mahindi hunyauka na mbuzi hukonda. Mtoto hutoka nyumbani hajatia kitu tumboni, mkononi ana dumu la maji ya kupikia mahindi na maharagwe ya mchana. Moshi wa jikoni usipofuka, dumu halina kazi, na jioni mazoezini miguu haimbebi.

Mwaka 2018 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliikabidhi serikali yetu jukumu la chakula cha shule. Tena, tangu 2023 Gredi ya 7 imebaki katika shule za msingi, kisha ya 8 na ya 9. Hao ni vijana wanaokua, wanakula!

Wazazi, mkutanoni ulizeni: stoo ina chakula cha siku ngapi? Na mjue wa kumuuliza. Chekechea ni ya kaunti. Kuanzia Gredi ya 1 ni ya serikali kuu. Asikurusheni mtu huku na kule mtoto akilala njaa.