Waliokopesha Majina Yao

Leo tunakwenda New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, katikati ya miaka ya 1960. Kijana Robert Martin, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina la Stephen Donaldson, alipangiwa kukaa bwenini na wanafunzi wengine. Wenzake walipojua kwamba anawapenda wanaume kama anavyowapenda wanawake, walipeleka malalamiko kwa uongozi: hawako tayari kuishi naye. Kijana akaishia kwenye chumba cha peke yake.

Aliyewahi kuishi hosteli anaelewa uzito wa jambo hili. Hapo ndipo unapoazimwa daftari ulilokosa darasani, na ukishikwa na homa usiku, mwenzako wa kitanda cha pili ndiye anayekwenda kutafuta dawa. Kumtoa mtu humo ni kumwondolea watu wake wa karibu akiwa mbali na kwao.

Martin akaamua kuanzisha chama cha wanafunzi wapenzi wa jinsia moja na wale wanaowaunga mkono. Chuo hakikukataa moja kwa moja, ila kilidai orodha ya majina ya wanachama. Na hapo ndipo pagumu! Sheria ya jimbo la New York wakati huo iliyafanya mapenzi hayo kuwa kosa la jinai. Madaktari wa akili wa Marekani nao waliyahesabu kuwa ugonjwa, na hawakuyafuta kwenye orodha yao hadi 1973. Jina likivuja, masomo na kazi ya baadaye viko hatarini. Nani angethubutu kujiandikisha?

Mkwamo huo ulitatuliwa na watu ambao historia haiwataji sana. Martin aliwafuata viongozi maarufu wa wanafunzi pale chuoni, akawaomba wajiandikishe kuwa wanachama. Wakakubali. Orodha ikatimia, na wale waliokuwa na sababu ya kuogopa wakabaki wamefichika. Mimi nawaheshimu sana wanafunzi wale, maana walijua watu watawasema, na bado walitoa majina yao.

Tarehe 19 Aprili 1967 chama kikapata usajili, cha kwanza cha aina yake kutambuliwa na chuo kikuu Marekani. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likaitoa habari hiyo ukurasa wa mbele, na lawama zikamiminika. Chuo nacho kikakipiga chama marufuku kuandaa shughuli za kujumuika, kikihofia sheria ile ile. Yaani mlikuwa na haki ya kuwa chama, lakini si ya kukaa pamoja jioni mkacheza muziki! Hata hivyo moto ulishawaka. Mwaka 1968 wanafunzi wa Cornell walianzisha tawi lao, na mlezi wao alikuwa padri Mkatoliki, Daniel Berrigan.

Usajili peke yake haukumsaidia mwanafunzi aliyefukuzwa nyumbani au aliyekuwa akinyanyaswa bwenini. Alihitaji ofisi yenye mtu wa kumsikiliza. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua ofisi ya namna hiyo mwaka 1971, ya kwanza katika vyuo vya Marekani. Waliokabidhiwa ni wawili, Jim Toy na Cynthia Gair, mwanamume na mwanamke. Mwaka mmoja nyuma, Toy alikuwa amesimama mbele ya umati Detroit, kwenye mkutano wa kupinga vita vya Vietnam, akatamka hadharani kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Basi mwanafunzi aliyefika pale akitetemeka alipokewa na mtu aliyekwisha kuvuka hofu hiyo.

Kwenye vyumba vya kulala mabadiliko yalikawia mno. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Massachusetts, kampasi ya Amherst, kilitenga ghorofa ya bweni kwa ajili ya wanafunzi wapenzi wa jinsia moja na marafiki zao. Aliyetaka kuishi huko aliomba mwenyewe, akijua kwamba atakaolala nao chumba kimoja nao wamechagua hivyo hivyo.