SIKU YA KUCHAGULISHWA NDIYO SIKU YA KIONGOZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya amana ya uongozi, na khasa juu ya siku ile ambayo kiongozi huambiwa achague baina ya riziki yake na ahadi aliyowapa watu. Mas-ala haya si mageni kwetu. Kila aliyesimama upande wa upinzani anajua namna mambo yanavyokwenda: leo huahidiwa kazi, kesho leseni, keshokutwa mwanawe huahidiwa nafasi ya masomo; na asipoisikia ahadi huletewa khofu. Hatumtaji mtu, wala hatukuja kumhukumu mtu. Tumekuja kulitazama jambo lenyewe kwa mfano wa mtu ambaye mambo yake yamekwisha ingia katika tarikhi, ili kila mmoja wetu aipime nafsi yake.

Mtu huyo ni Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Alikuwa mwalimu katika chuo cha Adams, huko Natal, na mshahara wake ulimtosha yeye na aila yake. Watu wa Groutville, kwao alikokulia, wakamtaka akawe chifu wao. Alikubali, akaishika kazi hiyo mwaka 1936, na pato lake likapungua. Mkewe, Bibi Nokukhulu, akashika jembe, na nyumba ikawa inakula kwa jasho la shamba. Tunaomba jambo hili lisipitwe mbio. Khasara ya mwanzo ya Luthuli haikuletwa na serikali. Aliikubali kwa khiyari yake, kwa kuwa watu wake walimhitaji. Aliyekwisha jizoesha kuishi kwa kidogo ni taabu kumpatia bei.

Alikaa katika uchifu hata mwaka 1952. Alisikiliza kesi za watu na aliwakusanya wakulima wadogo wa miwa wapate kusema kwa sauti moja. Mwaka 1951 alichaguliwa kuwa rais wa African National Congress katika Natal. Tarehe 26 Juni 1952 Kongresi na wenziwe walianza kuzivunja kwa amani sheria za ubaguzi: watu waliingia katika milango iliyoandikwa kuwa ya Wazungu tu, wakatembea usiku bila ya rukhsa, wakakubali kufungwa. Zaidi ya watu 8,000 walikamatwa. Hapo serikali ikamwita Luthuli Pretoria, ikampa khiyari mbili: atoke katika Kongresi, au uchifu umtoke.

Luthuli hakutoka katika Kongresi, wala hakujiuzulu uchifu. Kwake yeye kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja ya kuwatumikia watu, na hakuona sababu ya kuikana mojawapo. Basi mwezi wa Novemba 1952 serikali ilimwondoa. Mwezi uliofuata wanachama wa Kongresi walimchagua kuwa rais wao wa nchi nzima.

Lau hadithi ingekwisha hapo, tungesema kwamba mkweli hulipwa papo hapo. Haikwisha. Alikatazwa kusafiri na kuhutubia mikutano. Mwezi wa Disemba 1956 alikamatwa pamoja na wenziwe, jumla yao watu 156, kwa shitaka la uhaini; baadaye shitaka lake likaondolewa. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 kule Sharpeville, na siku chache baadaye Luthuli aliichoma moto pasi yake, akashitakiwa na kutozwa faini. Alipotunukiwa Tunzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, serikali ilimfungulia mlango kwa siku chache tu aende Oslo, Disemba 1961, kisha akarejea katika kifungo cha kijiji chake. Alifariki tarehe 21 Julai 1967. Wakati ule ilitangazwa kwamba aligongwa na gari moshi. Mwaka 2025 mahakama ya Pietermaritzburg iliikataa khabari hiyo, ikaamua kuwa alikufa kwa kupigwa. Watu wake walipiga kura ya haki mwaka 1994, naye yumo kaburini karibu miaka 27.

Ndugu zetu, wako wasemao, na si watu wabaya, kwamba ni bora kiongozi aliyemo ndani ya ofisi, hata akiwa na nusu ya ulimi, kuliko aliye nje na ulimi mzima na mikono mitupu. Husema: akiwa ndani atatusaidia. Hoja hii yataka kujibiwa kwa insafu. Luthuli hakudharau kazi ya serikali; aliifanya zaidi ya miaka 15, na watu walifaidika. Kazi yenyewe haina aibu. Jambo la kutazamwa ni sharti linalofungamana nayo. Ikiwa sharti ni kufanya kazi kwa uaminifu, na aipokee. Ikiwa sharti ni kuwakana waliomtuma, basi akiisha kulikubali hatakuwa tena na cha kutusaidia, kwani nguvu yake yote ilikuwa ni sisi kumwamini.

Khiyari kama hiyo imefika hata kwetu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Unguja iliwakataza watumishi wake kuingia katika siasa, na Tanganyika ilipata amri kama hiyo mwaka ule ule. Mwaka 1955 Julius Nyerere, naye mwalimu, alitakiwa achague baina ya skuli ya Pugu na TANU, akauacha ualimu na mshahara wake. Wako wengi wasioandikwa vitabuni waliochagua vivyo hivyo, na wako wengi walioshindwa. Walioshindwa hawakuwa wote waroho. Baadhi yao walikuwa na watoto wenye njaa, na hapana mtu aliyewabishia hodi.

Hapa ndipo palipo muradi wa maneno yetu. Tunamtaka kiongozi asiuzike, na huku kila siku tunamdai mchango wa harusi, sanda ya maiti, nauli ya mgonjwa. Kiongozi anayedaiwa fedha asizokuwa nazo atazitafuta pale zilipo, na pale zilipo panajulikana. Basi amana hii ni ya pande mbili, na tunalitaka tawi hili liazimie mambo matatu.

Kwanza, kiongozi atakayeahidiwa kitu akilete mbele ya halmashauri kabla hajajibu. Siri ndiyo mwanzo wa bei. Pili, tawi liweke mfuko wa kuwasaidia wanaopoteza riziki kwa ajili ya chama, na hesabu yake isomwe hadharani kila mwezi, hata ikiwa ni ndogo. Tatu, tuache kumpima kiongozi kwa alichotugawia; tumpime kwa alichokisema mbele yetu na alichokisema tulipokuwa hatupo.

Hatuwaahidi kwamba mwenye kusimama imara ataiona siku ya furaha. Luthuli hakuiona. Lakini ahadi ni deni, na kidole kimoja hakivunji chawa. Deni la kiongozi tukilibeba sote litalipika. Tukimwachia peke yake, tusistaajabu akija mwengine akalinunua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye kusubiri, na atupe sisi wanachama tusiowatupa.