Sisi Tuliolala Mabwenini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya shule za bweni na kazi ya watu waliotoka humo. Twasema kama watu tuliolala humo, tukaamshwa na kengele kabla ya jua na kubeba jembe na fyekeo pamoja na madaftari.

Shule hizi hazikuanzishwa kwa ajili ya mtoto wa kila mtu. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, na waliotakiwa hasa walikuwa wana wa machifu. Waingereza walihitaji vijana wa kuwasaidia kutawala, basi wakawapa malezi ya shule za mabwana wa kwao Uingereza: viranja, gwaride, michezo ya jioni. Hesabu yao ilikuwa nzuri, walakini jambo moja liliwaponyoka. Mchukue Mzanaki, Mhaya, Mchagga na Mnyamwezi, uwalaze chumba kimoja miaka mitano, wale sufuria moja ya maharage, waugue homa pamoja na kuuguzana. Baada ya hapo nani atawaambia kwamba hao ni watu mbalimbali, wakasadiki?

Mwalimu Julius Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937, akitoka shule ya Mwisenge, Musoma. Alipenda sana mijadala. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule akakataa, akaona kijana huyu ni mpole mno. Twacheka leo! Aliyeonekana hana ukali wa kutosha kuangalia mabweni ndiye aliyeongoza Tanganyika kupata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wala risasi haikupigwa.

Na bweni halikumwacha. Alipotoka Makerere alifundisha St. Mary's, hapo hapo Tabora, na aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha Pugu, nayo ni shule ya bweni. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Rais wake alikuwa bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Akatakiwa achague moja, ualimu au siasa. Mwezi Machi 1955 akaacha kazi, na mshahara wake ukaisha siku hiyo. Rashidi Kawawa naye alipita Tabora; akawa Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi, TFL, kisha Waziri Mkuu mwaka 1962.

Mpaka hapa ni sifa tupu, na sifa tupu hazifai mkutano wa watu wazima. Bweni lina mafunzo ya pili ambayo hayakuandikwa ubaoni. Uji huja wenyewe. Maji yapo, taa ipo, kitanda kipo, na aliyelipa haonekani. Mkulima wa pamba au wa tumbaku aliyekatwa kodi hakuja hata siku moja kusimama mlangoni mwa bwalo akasema, hiki ni changu. Kijana akikaa hivyo miaka mingi, aweza kutoka akiamini kwamba nchi ndiyo yenye deni kwake.

Jambo hili lilitokea mchana kweupe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Wengi wao walikuwa wametoka mabwenini, wamelishwa na umma tangu utotoni. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao. Lakini hasira yake haikuishia kwao, maana palepale alijipunguzia mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri wake asilimia 20. Mwaka uliofuata akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba na mwanafunzi aonje jasho la wale wanaomlisha. Sisi twaona kwamba maneno yale hayangeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kula chakula cha shule. Aliijua ladha yake.

Wako watakaosema shamba la shule lilitupotezea masomo. Pengine mahali pengine lilifanywa adhabu, na mwanafunzi aliyefundishwa jembe kama adhabu hatalipenda. Kosa hilo ni la waliosimamia, si la jembe.

Sasa mambo yamegeuka. Tangu mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kila pembe, na watoto wengi wa sekondari husoma kutwa. Wanaolala mabwenini ni wachache, nasi tuliolala zamani tulikuwa wachache zaidi. Binti wa shule ya kata hutembea mwendo mrefu alfajiri, tena jioni, na njiani kuna hatari ambazo kila mzazi hapa azijua. Huyu ndiye tunayemdai haki ya kitanda, kwa kuwa sisi tulikipata bila kukidai.

Basi ndugu zangu, shule ya kata yetu imeanza msingi wa hosteli ya wasichana. Jumamosi saa moja asubuhi twakutana pale, kila mtu na jembe au karai lake. Wenye gari wabebe mchanga. Wenye vyeo waje bila dereva. Katibu yupo mezani na daftari. Baada ya mkutano kila mmoja wetu apite aandike jina, na kando yake shule aliyolala.