Valium na ile dawa ya polepole: maneno niliyotoa kwenye mkutano wetu wa Vuhovi

Mimi si dokta. Nilisoma saikolojia, nazunguka vijiji, nasikiliza watu. Lakini kila nikifika hapa Bashu swali ni lile lile: "Mwanangu, kati ya Valium na dawa walizonipa senta, nimeze ipi?"

Nianze na mama mmoja, jina nalificha. Alitoka ukimbizini, akakuta nyumba yake imebaki kuta tu. Usiku mbwa akibweka, moyo unamwenda mbio, jasho, anaamsha watoto wavae viatu. Akanunua Valium, yaani diazepamu, bila karatasi ya muganga. Usiku wa kwanza alilala fofofo. Mwezi wa pili kidonge kimoja hakitoshi, akafika kwenye vitatu. Bwana akakasirika, akavitupa vyote chooni. Siku chache mama anatetemeka, halali kabisa, mwisho akaanguka kifafa. Majirani wakasema ni uchawi. Hapana. Mwili uliozoea diazepamu, ukinyimwa ghafla, unaweza kufanya hivyo.

Diazepamu ni dawa nzuri mahali pake. Infirmie anaihitaji kwa mtoto mwenye degedege, na kwa hofu inatuliza ndani ya saa moja hivi. Njo maana watu wanaipenda, tangu ilipoingia sokoni 1963. Ila OMS iliandika mwaka 2013 kwamba mtu mzima aliyepatwa na jambo la kutisha asipewe dawa za jamii hiyo kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza. Tena inakawia mwilini: umeimeza jana usiku, leo bado unasinzia. Vijana wa moto, sikieni hapo! Mzee anaanguka akitoka kukojoa. Ukiichanganya na kasiksi au tramadoli, pumzi yenyewe inaweza kukatika.

Ile nyingine inaitwa fluoksetini, na tabia yake ni kinyume. Wiki ya kwanza kichefuchefu, kichwa kinauma, usingizi unazidi kupungua. Wengi wanaiacha hapo: "Dawa yao inaniongezea ugonjwa." Nafuu inaanza wiki ya pili, ya nne, hata ya sita. Sitasema uongo, inachosha hata sisi tunaoitetea. Lakini haimfungi mtu kama Valium, haimdai kuongeza kila mwezi. Inamezwa miezi mingi, mara nyingi sita hadi kumi na miwili, na kuiacha ni kwa mpango wa muganga. Kama mgonjwa ni kijana, familia imwangalie sana mwanzoni. Akiongea habari za kujiua, arudi senta siku ile ile.

Wafadhili, hapa ni kwenu. Karton ya diazepamu ni rahisi kutoa, na watu watawashukuru kesho yake. Fluoksetini ya mwezi mmoja, kisha stoki inakatika, ni hasara: mgonjwa ameonja ubaya wake tu, hajaonja uzuri. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tuliona wasikilizaji wa kila aina huku, kisha magari yakaondoka. Heri mtusaidie watu thelathini mwaka mzima kuliko mia tatu kwa mwezi mmoja.

Na si kila hofu ni ugonjwa. Anayekataa kwenda shamba sababu jana risasi zililia kule, huyo ana akili timamu, hakuna kidonge chake. Tunayemtafuta ni yule ambaye hofu inamfuata hata mahali penye usalama, hali, halali, kazi imemshinda, wiki baada ya wiki. Huyo naye anahitaji maongezi kwanza, na mtu wa kumtembelea. Wengine hapo hapo wanapata nguvu bila dawa yoyote.

Mama yule infirmie anampunguzia diazepamu kidogo kidogo, huku ameanza fluoksetini. Wiki ya tatu nilimkuta anachambua maharagwe. Usiku bado anaamka, ila watoto hawalali tena na viatu.

Wenye vidonge nyumbani, msivitupe wala msiache leo. Mbebe pakiti yenyewe mpaka senta, infirmie aone ni nini na mmemeza tangu lini.