Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?



Mara ngapi umesikia mtaani, "Huyu hana utu, si unamjua babake?" Neno hilo huvunja posa, na humkatisha mtoto tamaa kabla hajakosa. Basi tuulize: ukatili hurithiwa?

Wataalamu wana neno saikopathia. Si wazimu. Ni mtu mwenye akili zake timamu, lakini haoni huruma, akikosa hajuti, na uongo kwake ni kitu chepesi.

Mwaka 2005, Essi Viding na wenzake huko Uingereza walichapisha uchunguzi wa jozi 3,687 za mapacha wa miaka 7. Pacha wa kufanana hushiriki karibu jeni zote. Wasiofanana hushiriki takriban nusu, kama ndugu wengine. Wote hulelewa nyumba moja. Kwa hivyo wale wa kufanana wakikaribiana zaidi kwa tabia, hapo tunaona mkono wa jeni. Kwa watoto waliozidi kwa kukosa huruma, jeni zilieleza takriban asilimia 67 ya tofauti yao na wenzao.

Basi imekwisha? Hapana, ndugu yangu. Hesabu hiyo ni ya kundi, haimhukumu mtoto mmoja. Wala hakuna jeni moja ya ukatili. Ni nyingi, kila moja na nguvu yake ndogo.

Tena sikiliza. Mwaka 2016, Luke Hyde na wenzake huko Marekani walichapisha habari za familia 561 zilizochukua watoto wa wengine kuwalea. Mama mzazi akiwa na historia ya kuvunja sheria na kudhulumu watu, mtoto alielekea zaidi kukosa huruma akiwa na miezi 27, ingawa hakulelewa naye. Lakini pale mama mlezi alipozoea kumsifu mtoto akifanya jema, athari hiyo ya urithi ilififia.

Mzazi, ukiwa na mtoto asiyejali mwenzake akilia, usimwite shetani. Mvizie akitenda jema, umsifu papo hapo. Na wewe kijana, ukiletewa posa, uliza matendo yake mwenyewe, si ya babake. Kama ni babako anayesemwa, usijikatie hukumu. Lakini ukimdhulumu mtu, usisingizie damu: jeni si udhuru.

Wabillahi tawfiq.